Je, Wajua? Bujumbura, Mji Ulioletwa na Maji

JE, WAJUA kwamba meli mashuhuri kuliko zote za Ziwa Tanganyika, ambalo Bujumbura imejengwa ukingoni mwake, iliundwa katika mji wa mifereji? Mji huo ni Papenburg, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Ulianzishwa mwaka 1631 juu ya kinamasi. Wakazi wake walichimba mifereji ili kuikausha ardhi, wakakata udongo mweusi wa kinamasi unaochomwa kama kuni, kisha wakausafirisha kwa mashua kupitia mifereji ile ile. Mashua zikazaa mafundi wa mashua, na mwaka 1795 akina Meyer wakafungua huko kiwanda cha kuunda meli ambacho kipo hadi leo.

Mwaka 1913 kiwanda hicho kiliunda meli iliyopewa jina la Goetzen. Ilipokamilika ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kupandishwa reli kwenda Kigoma. Mafundi watatu wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, waliifuata ili kuiunga upya, nayo ikaingia majini Februari 1915. Haikukaa sana. Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma vitani, waliizamisha kwa makusudi, lakini kabla ya hapo mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi ili kutu isiile. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina tunalolijua sote: Liemba.

Warundi wengi wana sababu yao ya kuikumbuka. Mei 2015, watu waliokuwa wakikimbia machafuko nchini Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na ziwa, hatua chache kutoka mpaka wa Burundi. Njia ya kuwatoa kwa wingi ilikuwa maji. Liemba, iliyokuwa na umri wa karne moja, ilienda na kurudi siku baada ya siku, ikibeba mamia ya watu kwa safari moja, hadi makumi ya maelfu wakafika Kigoma.

JE, WAJUA kwamba ziwa hili lote lina mlango mmoja tu wa kutokea? Bujumbura haina mifereji ya kupita mashua kama ya Papenburg. Ina mito inayoteremka kwa kasi kutoka milima ya mashariki, Ntahangwa, Muha na Kanyosha, na upande wa magharibi kuna Rusizi, unaoleta maji ya Ziwa Kivu. Mito hii na mingine mingi inaingia ziwani. Unaotoka ni mmoja: Lukuga, unaoanzia Kalemie upande wa Kongo na kwenda kuungana na mto Kongo. Sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika haipiti hata huko, bali hupotea hewani kwa jua. Ndiyo maana ziwa lenye urefu wa kilomita 673 na kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi, linaweza kupanda au kushuka kwa mabadiliko ya mvua ambayo ziwa jingine lisingeyahisi.

Karne ya 19 jambo hili lilionekana waziwazi. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Lukuga akakuta mdomo wake umezibwa na matope na majani. Mpelelezi Stanley alipita mwaka 1876, hali ikiwa haijabadilika sana. Ziwa likaendelea kujaa kama bakuli lisilo na mwanya. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1870 kizuizi kile kilibomoka, Lukuga ukafunguka kwa kishindo, na katika miaka iliyofuata uso wa ziwa ukashuka mita kama 10. Chukua ramani ya Bujumbura ya leo, kisha rudisha maji hayo mita 10: bandari, fukwe na mji jirani wa Gatumba wote vitakuwa chini ya maji. Tunapozungumzia kuanzishwa kwa mji huu tunawataja Wajerumani na Wabelgiji, lakini kabla yao ardhi yenyewe ilipaswa kuachwa na maji.

Na maji hayajasahau njia. Yalipanda sana mwaka 1964. Tangu mwaka 2020 yamekuwa yakirudi tena na tena, hasa Gatumba, ambako maelfu ya familia zimehama zaidi ya mara moja, na mwaka 2024 yaliingia hadi ndani ya bandari ya Bujumbura. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa ziwa. Ukitembea ufukweni ukahesabu nyumba, hoteli na baa, utaona sheria hiyo imeheshimiwa kiasi gani.

JE, WAJUA kwamba jiwe la Mugere halioneshi mahali Stanley alipokutana na mpelelezi mwenzake Livingstone? Jiwe hilo kubwa liko kusini mwa Bujumbura, juu ya kilima kinachotazama ziwa, limechorwa majina ya watu hao wawili na tarehe 25-XI-1871. Wageni wengi hupigwa picha hapo wakiamini ndipo Stanley alipotamka salamu yake maarufu. Walikutana Ujiji, wiki chache kabla. Mugere walifika pamoja, wakalala siku mbili wakiwa wageni wa chifu Mukamba.

Lililowaleta ni swali moja: Rusizi unatoka ziwani au unaingia? Kama ungekuwa unatoka kwenda kaskazini, ungeweza kuwa chanzo cha Nile. Wapelelezi Burton na Speke walikuwa wamejaribu kufika huko mwaka 1858, wakaishia Uvira, ambako wenyeji waliwaambia wazi kwamba mto unaingia. Miaka 13 baadaye Livingstone na Stanley walipiga kasia hadi mdomoni mwa Rusizi wakathibitisha walichosema wenyeji. Watu wa ziwa walijua tangu mwanzo, na kwa haki jina lao lingetangulia kwenye masimulizi.

JE, WAJUA kwamba Gitega iliwahi kuinyang'anya Bujumbura makao makuu zaidi ya karne moja iliyopita? Wafanyabiashara wa utumwa na pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakiongozwa na Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, walijaribu kujipenyeza hadi ndani ya Burundi, lakini majeshi ya Mwami, yaani mfalme, Mwezi Gisabo yaliwazuia. Wajerumani nao walijenga kambi ya kijeshi kando ya ziwa miaka ya 1890, wakapaita Usumbura. Mwami aliwapinga kwa miaka kadhaa kabla ya kusaini mkataba wa Kiganda mnamo Juni 1903. Mwaka 1912 Wajerumani wakahamishia makao yao ya utawala Gitega, katikati ya nchi. Vita vikaja, Wabelgiji wakaingia mwaka 1916, na mamlaka yakarudi ziwani: Usumbura ukawa mji mkuu wa Ruanda-Urundi nzima. Ukabadilishwa jina kuwa Bujumbura wakati wa uhuru, mwaka 1962. Kisha mwishoni mwa mwaka 2018 ikatangazwa kwamba Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa, na Bujumbura ukabaki mji wa biashara.

Kuhamahama huku kuna mantiki yake. Anayetaka kuwatawala watu huenda milimani, waliko watu. Anayetaka kuleta na kupeleka mizigo hubaki ziwani.

JE, WAJUA kwamba Ubelgiji ulikodi sehemu ya bandari ya Dar es Salaam kwa faranga moja kwa mwaka? Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walikuwa na Ruanda, Urundi na Kongo lakini hawakuwa na njia ya kwenda Bahari ya Hindi. Mkataba waliousaini na Uingereza Machi 15, 1921, uliwapa maeneo yao Dar es Salaam na Kigoma, pamoja na haki ya kupitisha mizigo kwenye reli ya kati bila kutozwa ushuru wa njiani. Watu wa bandarini walipaita Belbase. Kahawa ya Burundi ilishuka Bujumbura, ikavuka ziwa hadi Kigoma, ikapanda treni, na meli ikaichukua Dar. Saruji, mabati, chumvi na nguo zikarudi kwa njia hiyo hiyo. Upande wa kusini, boti zilishika njia ya Mpulungu, Zambia, zaidi ya kilomita 500 za maji matupu.

Thamani ya njia hizo ilionekana baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo vya biashara vilivyodumu hadi Januari 1999. Bandari ilipodorora, mji mzima ulihisi, kuanzia muuza mafuta hadi mama wa genge.

JE, WAJUA kwamba Kiswahili kina mtaa wake Bujumbura, wenye umri unaokaribia ule wa mji wenyewe? Ni Buyenzi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wanaoandika juu ya Burundi huupita haraka.

Wabelgiji waliugawa mji kwa rangi za watu. Wazungu walikaa Rohero na vilimani penye upepo. Wahindi na Waarabu walipewa eneo la katikati, ambalo hadi leo linaitwa Mtaa wa Waasia. Waafrika wa mjini wakapangwa Buyenzi na Belge, ambayo ndiyo Bwiza ya sasa, katika maeneo yaliyowekwa nje ya mamlaka ya machifu na kuwa na utawala wake. Waliokaa Buyenzi walikuwa watoto na wajukuu wa askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, wapagazi, mabaharia wa ziwani, wachuuzi kutoka Manyema, Ujiji, pwani ya Tanganyika na ng'ambo ya Uvira, pamoja na Warundi waliohamia mjini na kusilimu. Hawakuwa na ukoo mmoja. Walichokuwa nacho ni msikiti, lugha na biashara, na hivyo vikatosha kuwafanya watu wa mji.

Mtaa wenyewe umenyooka: barabara sambamba zenye namba badala ya majina, nyumba za mstari zenye ua nyuma, mfereji wa maji machafu mbele ya kila kizingiti. Ukiambiwa namba ya barabara na jina la mzee mmoja, umefika. Kaskazini unapakana na mto Ntahangwa, na ng'ambo ya mto kuna Ngagara, mtaa uliojengwa na Wabelgiji miaka ya 1950 ambao wenyeji bado wanauita OCAF.

Buyenzi ni karakana ya nchi nzima. Gari lililokufa Ngozi au Rumonge huletwa hapa. Fundi hulala chini ya injini kando ya barabara, kijana wa pembeni anashika tochi na kutaja namba za spana kabla hajaulizwa, wa tatu ameshaenda kutafuta kipuri, na kama kipuri hakipo dukani kitachongwa. Hakuna kibao kinachosema chuo, lakini vijana wengi wa hapa wamejifunza kazi hivyo, kwa kukaa miezi na miaka kando ya fundi mkubwa. Jirani yao kuna soko la Ruvumera, la nguo, vyombo na vyakula, ambapo bei hutajwa kwa Kiswahili, hupatanwa kwa Kirundi, na tarakimu kubwa mara nyingi hutamkwa kwa Kifaransa. Mwezi wa Ramadhani, alasiri ikiisha, vibarazani huwekwa sambusa, chapati na uji, na wasiofunga hununua sawa na waliofunga.

Shuleni kwa miaka mingi kulitawala Kirundi na Kifaransa. Mwanafunzi wa Buyenzi alikuwa na lugha ya tatu ambayo mwalimu hakuihesabu. Hali ilianza kubadilika Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikapata nafasi madarasani. Lugha iliyodharauliwa kuwa ya sokoni ikawa ya pasipoti. Wazee wa Buyenzi wana kila haki ya kujivunia, maana walikuwa wameitunza bila msaada wa serikali yoyote.

JE, WAJUA kwamba chama kilicholeta uhuru kilipata nguvu yake ya mwanzo kwa wachuuzi wa mitaa hii? Mwana wa Mwami wa wakati huo, Louis Rwagasore, alianza mwaka 1957 kwa kuunda ushirika wa wafanyabiashara kabla ya siasa kushika kasi. Wachuuzi wa Kiswahili wa Usumbura, waliobanwa na sheria za biashara za kikoloni, walikuwa miongoni mwa waliomwunga mkono mapema, na chama chake cha UPRONA kikapata wafuasi wa dhati Buyenzi na Belge. Ng'ambo ya ziwa, Julius Nyerere na TANU walikuwa marafiki zake. Katika uchaguzi wa Septemba 18, 1961, UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64.

Haikupita hata mwezi. Usiku wa Oktoba 13, 1961, Rwagasore aliuawa kwa risasi akiwa katika mgahawa wa Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa. Alikuwa na umri wa miaka 29. Aliyefyatua risasi, Mgiriki aitwaye Jean Kageorgis, alitekelezewa hukumu ya kifo Juni 30, 1962, siku moja kabla ya bendera ya uhuru kupandishwa. Rwagasore amezikwa kilima cha Vugizo, juu ya mji.

JE, WAJUA kwamba wakati mji ulipogawanyika kwa damu, kulikuwa na watu waliokataa kugawanyika? Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ilianza kusafishwa kikabila, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi. Machi 1995 vurugu zilifika Bwiza na Buyenzi pia, na maelfu wakakimbilia Uvira. Hata hivyo Buyenzi uliendelea kuwa miongoni mwa mitaa michache iliyobaki na mchanganyiko wa watu. Kwa mtu wa Buyenzi, swali la kwanza lilikuwa unakaa barabara ya ngapi.

Upande wa kaskazini, wamisionari Waksaveri walikuwa wameanzisha Kituo cha Vijana Kamenge mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa ajili ya vijana wa Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara na mitaa jirani, yaani mitaa ile ile iliyokuja kupigana. Vijana wa pande zote walicheza mpira, walisoma maktaba na walijenga nyumba zilizobomolewa. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya Right Livelihood, inayotolewa Sweden. Sijui jambo lililofanywa mjini humu linalostahili heshima zaidi ya hilo.

JE, WAJUA kwamba mwezi ukiwa mpevu ndagala huadimika sokoni? Samaki hawa wadogo, pamoja na samaki aitwaye mukeke, ndio kitoweo cha Bujumbura. Huvuliwa usiku kwa taa. Mitumbwi miwili hufungwa pamoja, taa huwashwa juu ya maji, ndagala huufuata mwanga, na wavu uliotandazwa chini hupandishwa polepole. Mbinu hii ilienea miaka ya 1950, wakati ambao wavuvi Wagiriki nao walileta meli zenye nyavu kubwa za kuzungusha. Mwezi unapong'aa ziwa zima, taa hupoteza kazi yake, na wavuvi hubaki ufukweni kushona nyavu na kuziba mitumbwi. Mama wauza ndagala hujua kalenda hii vizuri, na bei zao huifuata.

KWA UFUPI. Klabu ya Vital'O ya Bujumbura ilifika fainali ya Kombe la Washindi Afrika mwaka 1992, ikafungwa na Africa Sports ya Kodivaa. Viboko bado hutoka ziwani usiku kula majani kwenye mitaa ya Kinindo. Mamba Gustave wa mdomo wa Rusizi, aliyekadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6, alitengenezewa mwaka 2004 filamu kuhusu jaribio la kumkamata. Soko kuu la mjini liliteketea asubuhi ya Januari 27, 2013, na maelfu ya wachuuzi wakapoteza mitaji. Wengi walihamia soko linaloitwa kwa Siyoni.

JE, WAJUA kwamba mito iliyozipa manispaa majina ndiyo pia inayozila? Mwaka 2014 mitaa ya Bujumbura ilikusanywa katika manispaa tatu: Mukaza, Muha na Ntahangwa. Mbili za mwisho zilipewa majina ya mito. Mwaka huo huo, usiku wa kuamkia Februari 10, mvua kubwa iliporomosha maji na matope kutoka vilimani hadi Kamenge, Kinama na Buterere. Watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wakiwa usingizini katika nyumba za matofali mabichi. Ntahangwa nao umekuwa ukimega kingo zake kwa miaka, ukichukua nyumba, barabara na kukaribia shule, kwa kuwa milima ya juu imekatwa miti na mchanga wa mtoni unachimbwa kwa ajili ya ujenzi.

Jumamosi asubuhi ni zamu ya kazi za pamoja, na mahali pengi kazi hiyo ni kuzibua mifereji: chupa za plastiki, majani, udongo mwekundu ulioshuka na mvua. Mvua za kwanza huanza Septemba. Kwa wakazi wa Buyenzi, Bwiza, Kinama na Buterere, ombi ni moja: mfereji ulio mbele ya nyumba yako uzibuliwe Agosti, wakati udongo ungali mkavu na unabebeka.